Ami, kontrakta anataka nusu ya pesa mkononi: nimpe?

Ami, assalamu alaykum.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa pale Darajani, mama wa watoto wanne, naishi Tomondo. Miaka ya karibuni nimeanza biashara ya pembeni: nanunua nyumba iliyomshinda mwenyewe, naimalizia, nauza. Ya kwanza ilikuwa Mwera, imefika linta na imeota majani mpaka vyumbani. Nilimtumia fundi wa mtaani kwetu, tukenda pole pole, mimi mwenyewe nikinunua mifuko ya saruji kila duka likiniruhusu. Ilichukua muda, lakini nilipouza nilibakiwa na kitu cha maana.

Ya pili ndiyo iliyonitoa usingizi. Ilikuwa Fuoni, nyumba ya vyumba vitatu, mabati yameliwa na kutu, choo kimekufa. Kwa kuwa duka halinipi nafasi ya kushinda kwenye kazi, nikatafuta kontrakta kamili, mtu mwenye kampuni, muhuri na gari yake. Alipita vyumbani robo saa, akaandika bei moja tu chini ya karatasi: milioni 22, ufundi na vifaa vyote ndani yake. Nikampa milioni 13 siku ya kuanza. Mwanzo kazi ilikwenda mbio mpaka majirani wakanisifu. Halafu mafundi wakapungua, wakabaki wawili, kisha akabaki kijana wa kuchanganya zege ambaye kila nikenda namkuta amelala kivulini. Nikipiga simu naambiwa bosi yuko Pemba. Siku moja akaja mwenye duka la vifaa na daftari lake: nondo, mabati na rangi vimechukuliwa kwa mkopo kwa jina langu, na mimi sijui hata duka lenyewe liko wapi. Masika yalipoingia, maji yakawa yanateremka kwenye kona ya chumba cha kulala, pale paa mbili zinapokutana. Nikimuuliza, anasema mvua ya mwaka huu imezidi. Nilimalizia kwa fundi mwengine na nikauza kwa bei ambayo, ukitoa gharama, nilikuwa nimefanya kazi ya sadaka. Yule mwenye duka mpaka leo ananidai. Akipita dukani kwangu ananiamkia kwa sauti kubwa ili wateja wasikie.

Sasa Ami, dalali ameniletea nyumba ya mawe Kiponda, ya ghorofa mbili, mali ya warithi, na wawili kati yao wako Muscat. Dari la chumba kimoja limeanguka, ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha vidole, lakini mlango wa nakshi upo na bei inavutia. Wageni wanatafuta nyumba Mji Mkongwe, kwa hiyo nadhani nikiitengeneza sikosi mteja.

Mume wangu anataka kazi apewe mtu anayejuana na kaka yake. Nimeshakutana naye pale pale nyumbani. Ni mtu wa adabu, anazungumza vizuri. Amesema atatoa boriti zote amwage slebu ya zege, kuta azipige lipu ya saruji, na kwa miezi mitatu nitakuwa na nyumba mpya. Kibali, anasema, hakina haja kwa kuwa kazi ni ya ndani. Anataka nusu ya pesa kwanza. Nilipomwambia mume wangu kuwa ningependa kutafuta na wengine, akanuna: "Ina maana kaka yangu anatuletea mwizi?"

Naomba unijibu: nitamjuaje kontrakta mwaminifu? Hiyo nusu ndiyo kawaida? Na nitamkataa vipi huyu bila ya kuvunja undugu? Jina langu lihifadhi.

Mama Vitambaa, Tomondo

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na huyu wa shemeji, kwani ndiye aliye mlangoni. Simwiti mwizi, na mumeo ana haki ya kuudhika akisikia hivyo. Lakini katika mazungumzo ya mara moja amekuambia mambo matatu, na yote matatu yanaonyesha kuwa nyumba ya mawe haijui. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu, akarudisha chenji mpaka shilingi ya mwisho, na bado akakuangushia nyumba.

Ukuta wa Kiponda si matufali ya saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na zaidi, na chini yake hakuna zuio la unyevu unalolijua wewe kwenye nyumba za Fuoni. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta siku zote. Kinachouweka hai ni kwamba chokaa inayapitisha, yanatoka nje taratibu na upepo unayachukua. Ukiukandika kwa saruji umeuvisha koti la mvua wakati wa kaskazi. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya mwaka au miwili lipu inabambuka mapande mapande na kuondoka na uso wa jiwe. Nenda mtaa wowote wa Mji Mkongwe utazame kuta usawa wa kiuno. Pale utakapoona rangi imevimba, gusa. Ikikudondokea unga mweupe mkononi, mara nyingi hapo pamepigwa saruji.

Slebu nayo tuihesabu. Chumba cha mita 3 kwa 6 kikimwagiwa zege la sentimita 15 kinabeba karibu tani 6 na nusu. Dari la kale nalo si jepesi, tusidanganyane, lile kokoto na chokaa juu ya boriti lina uzito wake. Tofauti ni kwamba boriti na chokaa vinacheza pamoja na ukuta, ukuta ukitulia navyo vinatulia. Zege halichezi. Ili alishike atachimba mfereji kwenye ukuta kuzunguka chumba kizima, tena ukuta ambao tayari una ufa wa vidole. Na zile nondo zitakaa ndani ya mawe yenye chumvi, zishike kutu, zivimbe, zipasue. Boriti za mikoko hazina ubaya wowote. Nyingi huoza kwenye ncha tu, pale zinapoingia ukutani, kwa sababu paa limevuja miaka na hakuna aliyepanda kuziba. Zilizooza hubadilishwa moja moja. Vyumba vya nyumba hizo vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: upana wake ulifuata urefu wa boriti.

La kibali ndilo lililonifanya nicheke peke yangu. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya Uhifadhi na Uendelezaji, na tangu mwaka 2000 mji wenyewe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kubomoa dari na kuweka slebu si kazi ya ndani kama kupaka rangi, ni kugusa mifupa ya nyumba. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka likiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafariki. Lile lilikuwa mikononi mwa wataalamu. Tena wewe unajenga ili uuze. Mteja mwenye pesa ya kununua nyumba Kiponda atakuja na wakili, na wakili kitu cha mwanzo atakachouliza ni kibali cha kazi iliyofanyika. Huna, basi ama bei inashuka ama mteja anaaga.

Sasa swali lako la uaminifu. Umeniuliza utamjuaje, na mimi nakuuliza: yule fundi wa Mwera ulimjuaje? Hukumjua. Ulikuwa unanunua mwenyewe saruji mfuko kwa mfuko na kumlipa kwa alichokifanya, kwa hiyo hakuwahi kushika pesa yako ya kutosha kumtia majaribuni. Wa Fuoni ulimkabidhi milioni 13 nyumba ikiwa haijaguswa. Siwezi kusema yupi kati yao ni mwema zaidi, na wewe pia huwezi, kwani mmoja hukumjaribu kabisa na mwengine ulimjaribu kupita kiasi.

Nikueleze pesa yako ilikokwenda, maana mara nyingi haiendi kwenye starehe kama watu wanavyodhani. Kontrakta wa kwetu hana mtaji. Ana kazi tatu au nne kwa wakati mmoja, na malipo ya kwanza ya kazi mpya ndiyo yanayomalizia kazi ya zamani ambayo mwenyewe ameanza kupiga kelele. Milioni zako ziliezeka nyumba ya mtu. Ulipoambiwa yuko Pemba, inawezekana kweli alikuwa Pemba, anamalizia kwa pesa ya Fuoni na kutafuta kazi nyengine ya kumalizia yako. Siku mnyororo ule unapokatika, wa mwisho ndiye anayebaki na kijana wa kulala kivulini. Ndiyo maana nusu ya pesa mkononi si kawaida ya kukubali, hata akiwa mtoto wa ami yako.

Mpe kiasi cha kuleta zana na kuanzia wiki ya kwanza. Asilimia 10 inatosha, na kwa kazi ndogo hata hiyo ni nyingi. Vifaa vinunue wewe, au lipa dukani moja kwa moja na risiti iandikwe jina lako. Ufundi ulipe nyuma ya kazi: paa limeezekwa na limekaguliwa, lipa sehemu ya paa, dari la chumba cha kwanza limekwisha, lipa la chumba cha kwanza. Siku zote kazi iliyofanyika iwe na thamani kubwa kidogo kuliko pesa aliyokwisha kupokea. Akitoweka leo, yeye ndiye mwenye hasara, kwa hiyo hatatoweka. Akikataa utaratibu huo kwa kusema hana pesa ya kuwalipa mafundi wiki moja, amekwisha kukuambia hali ya biashara yake, mshukuru na umuage.

Bakisha pia asilimia 5 mpaka 10 ya ufundi isilipwe mpaka masika moja yapite. Wewe unataka kuuza haraka na pengine masika hutayangoja. Basi leta masika mwenyewe: tafuta mpira wa maji, mpandishe kijana juu, amwagilie pale paa zinapokutana kwa saa nzima huku wewe uko chini chumbani na tochi. Sakafu ya choo iziba tundu, ijaze maji vidole viwili, iache mpaka kesho yake saa ile ile, kisha tazama ukuta wa upande wa pili na dari la chini yake. Kontrakta anayejua kazi yake hatachukia. Mwengine ataanza kukueleza kuwa maji yatapotea bure.

Hiyo bei moja chini ya karatasi nayo ilikuwa na kasoro yake. Mtu aliyepita vyumbani robo saa hakupima, alikisia. Akikisia juu umempa faida ya bure, akikisia chini atajifidia kwa kuficha: ringi za nguzo ataziweka mbali mbali, saruji atapunguza, mchanga atachukua wa karibu. Na mchanga hapa Unguja unajua ulivyo adimu na ghali, kishawishi cha kuchota wa pwani ni kikubwa. Wa pwani una chumvi inayokula nondo. Unyunyizie maji kidogo kiganjani, uonje kwa ncha ya ulimi, utajua. Kama unashuku udongo, weka mchanga kwenye chupa na maji, tikisa, uache utulie. Tabaka la tope litakaa juu ya mchanga na utaliona kwa macho. Hayo ni kwa nyumba za matufali. Kwa nyumba ya mawe bei ya jumla haifai hata kidogo, kwa sababu hakuna anayejua kilicho nyuma ya lipu mpaka ibanduliwe. Unaandikiana bei ya kipimo: lipu ya chokaa mita moja ya mraba kiasi fulani, kubadilisha boriti moja kiasi fulani, mlango kiasi fulani. Halafu mnapima kilichofanyika. Mkadiriaji majenzi atakutengenezea orodha hiyo, na ujira wake ni mdogo ukilinganisha na ulichopoteza Fuoni. Juu ya jumla yake tenga robo nyengine ya dharura, na kama ukiiona robo hiyo ni kubwa mno, basi nyumba hiyo ni kubwa mno kwako.

Kumchunguza mtu kabla ya kumpa kazi ni kazi ya miguu. Picha za kwenye simu usizitazame, nyumba zote ni nzuri siku ya rangi. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza kabla ya masika mawili yaliyopita, uingie chooni, utazame kona za dari, ufungue na kufunga madirisha. Umuulize mwenye nyumba jambo moja: kulipotokea tatizo, alipokea simu? Kisha nenda kwenye kazi anayofanya sasa, saa ambayo hakutarajii. Tazama saruji imewekwa juu ya mbao au imelala kwenye ardhi mbichi. Tazama kama zege la jana limefunikwa na linamwagiwa maji, maana zege hutaka maji siku 7 kwa uchache, na kumwagilia ndiko kunakoachwa kwanza bosi akiwa hayupo. Ukimaliza, kaa na wale wasaidizi kwenye mfuko wao wa maandazi, uwaulize wamelipwa lini mara ya mwisho. Huyo kijana wa kuchanganya zege ndiye mkaguzi bora wa hesabu Zanzibar nzima. Wakitazamana bila ya kujibu, umepata jibu. Halafu pita kwa mwenye duka anaponunulia, umuulize kama anamkopesha. Wenye maduka wanawajua makontrakta kuliko sisi.

Mkiafikiana, andikeni. Kwa Kiswahili cha kawaida, kazi ipi, kwa kipimo kipi, malipo yapi baada ya nini, nakala ya kitambulisho chake cha Mzanzibari ikiambatanishwa, na mashahidi wa pande mbili. Andikeni pia Ramadhani itakavyohesabiwa, kwani mwezi ule saa za kazi hupungua na kuelekea Sikukuu kila fundi anataka malipo yake yote. Asije mtu kukuambia umechelewesha kazi au umemnyima haki kwa jambo mlilolijua tangu mwanzo. Na uwe na daftari lako. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo wewe mwenye duka sihitaji kukufundisha, ila nimeshangaa kuwa vitambaa unaviandika pima kwa pima na nyumba uliiacha kichwani mwa mtu mwengine.

Tukigusa daftari, tumalize na huyo anayekuamkia kwa makelele. Mwite kwa sheha wako, aje na karatasi za kupokelea mzigo, muone saini ni ya nani. Kama hukutia saini, hukutuma mtu na hukumpigia simu, aliyechukua ndiye mdaiwa, na pesa ya vifaa hivyo ulikwisha kumpa kontrakta. Lifanye hilo kwa maandishi na kwa upole, kwani ukishaanza kazi nyengine utahitaji maduka. Na safari hii, siku ya kuanza, peleka barua kwenye duka au maduka mnayotumia: hakuna mzigo utakaotoka kwa jina langu bila ya mimi mwenyewe kuthibitisha.

Kuhusu kununua yenyewe, kabla hujampa dalali hata shilingi, hakikisha mambo mawili. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na wakfu hauuzwi. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana watakuambia. La pili, warithi wote, pamoja na wale wa Muscat, wawe wameridhia kwa hati ya uwakala iliyokamilika, mirathi ikiwa imeshagawiwa, na uhaulishaji upitie Kamisheni ya Ardhi. Mrithi mmoja aliyesahauliwa anaweza kukusimamisha ukiwa umeshaezeka. Hapo utamtafuta kontrakta wa kumlaumu na hutampata.

Rai yangu, ukiitaka: mimi nisingeanza na Kiponda. Nyumba ya mawe ni ya mtu anayetaka kukaa nayo, ana subira na pesa yake haina haraka. Chokaa haikauki kwa kufokewa. Wewe faida yako ni ya kuingia na kutoka, na mkono wako umeshazoea nyumba za matufali. Fanya moja nyengine Mwera au Fuoni kwa utaratibu huu wa kulipa nyuma ya kazi, upate kontrakta uliyemuona akifanya kazi kwa pesa yako kidogo kidogo, ndipo umfikirie kwa kubwa. Lakini kama moyo wako umeng'ang'ania ule mlango wa nakshi, na sikulaumu, nenda kwanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe uwaulize mafundi wa chokaa wanaowajua. Wapo. Tangu ukarabati wa lile jumba la Dispensari ya Kale miaka ya 1990 mji umelea waashi waliorudia kujifunza chokaa na boriti, wengine sasa ni watu wazima wenye wanafunzi wao. Hao hawana magari yenye nembo. Pengine hata muhuri hawana. Wape kazi chini ya mhandisi mmoja aliyesajiliwa, ambaye ndiye atakayeupima ule ufa wa nyuma na kukuambia kama umelala au unaendelea kutembea. Atabandika vipande vya kioo juu yake na kuvitazama baada ya miezi. Vikikatika, ufa unatembea. Kabla ya jibu hilo hakuna anayestahili kukupa bei, wa shemeji wala wa nani.

Limebaki la nyumbani. Usimwambie mumeo kuwa unamkataa mtu wa kaka yake, na wala usimkatae. Tengeneza orodha moja ya kazi, chumba kwa chumba, uitoe nakala tatu. Moja mpe huyo, mbili wape wengine, wote waitembelee nyumba, wote walete bei kwa karatasi ile ile na sharti lile lile la malipo. Mumeo awepo karatasi zinapofunguliwa, hata shemeji mkaribishe chai. Mtu wao akishinda kwa haki, kazi ni yake na hakuna aliyevunjiwa heshima. Akijitoa mwenyewe kwa sababu hataki kulipwa nyuma ya kazi, hukumfukuza wewe. Kisha mkiwa wawili faraghani muulize mumeo kwa utaratibu: huyu akishika pesa zetu na akatoweka, nani atakayekwenda kumdai, mimi, wewe, au kaka yako? Na kaka yako akishindwa kumpata, sikukuu ijayo tutakaa naye vipi kwenye sinia moja? Wanaume wengi hawajafika kwenye swali hilo, wanaishia kwenye la nani anamjua nani.

Bei zikija, usikimbilie ya chini. Chukua orodha utazame nani alirudi kuuliza maswali, nani aliona jambo ambalo wewe hukuliandika. Aliyeleta bei siku ile ile bila ya kuuliza chochote amekisia tena. Ukishapata karatasi zote tatu niandikie, na uniambie ni yupi kati yao aliyeuliza maji ya mvua ya paa lile yanakwenda wapi.